Mnara wa Mke Mwenzangu

Siku zile bendera ya Mdachi ilikuwa ingali inapepea Witu, mume wangu alioa mke wa pili kutoka Kipini, akamlimia shamba la mpunga ukingoni mwa mto, limepakana na langu. Ndoa niliimeza. Majina aliyoyapa vitu vyake ndiyo yaliyonikaba.

Mtoto wa pwani yule! Pale alipofunga mtumbwi wake, penye tope na kisiki kimoja, paliitwa Bandari. Kichuguu cha nyuma ya jiko lake kikawa Mlima. Na dungu lake, kile kijukwaa cha miti minne cha kukalia mtu akifukuza ndege, eti Mnara. Mimi nilikuwa na dungu kabla yeye hajaota meno, na sikuliita ila dungu.

Watu nao wakamfuata. Wachuuzi wa chumvi wakawa wanauliza njia ya Bandari, wanakipita kivuko changu kisafi kama hawakioni. Wivu ulinijaa hadi kooni, sifichi.

Mpunga ulipoanza kuiva, ndege wakashuka. Kila mwaka nililinda shamba langu mwenyewe, lakini mwaka ule homa ilinilaza. Nikamwambia mume wangu, "Baba, nilindie. Ule mpunga ndio chakula changu na wanangu mwaka mzima."

"Usijali, bibi mkubwa," akajibu, ameshika teo lake la kurushia madongoa. "Nikiwa Mnarani nitatupa jicho na kwako."

Mnarani! Hata yeye, aliyeikata miti ile kwa shoka langu.

Siku ya nane homa iliniachia, nikajikokota hadi shambani. Masuke yalikuwa makapi matupu. Mume wangu akaapa kwamba hakuona kitu, kwamba kutoka Mnarani shamba langu halionekani. Nikamwamini. Lawama zote nikamtwika mwenzangu.

Walipokwenda kula mchana, nikapanda huo Mnara wake nione ukubwa wenyewe. Ngazi yake vipago vitano. Yangu ina sita. Nikacheka peke yangu, kisha nikageuka.

Shamba langu lote lilikuwa pale chini, jaruba kwa jaruba, karibu kiasi kwamba hata mkono wangu wa mgonjwa ungefikisha dongoa. Ndege wachache walikuwa wakiokota mabaki, nami niliiona midomo yao ikifunguka na kufungika. Mume wangu alikaa hapa siku saba, teo mkononi, akiwatazama wakila.