Printa ya Bi Haraka

Siku ya kwanza Bi Haraka alipoingia dukani alipatana bei kama mtu anayegombana na jirani, na muuza kompyuta akampenda papo hapo. Mteja anayebishana ndiye anayenunua.

Alikuwa mpiga chapa, kibanda chake chini ya ngazi za jengo la ofisi. Kazi aliianzia kwenye taipureta, na mpaka leo anazipiga herufi kama anaziadhibu. Mume alikwenda zake mabinti wakiwa wadogo. Barua na hati za watu wengine ndizo zilizowasomesha, nyingi zikitoka kwa wakili wa ghorofa ya juu.

"Hii mbona rahisi hivi?" aliuliza. "Ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa, mama. Mfumo wake ni wa bure, umetengenezwa na watu wanaojitolea. Hudaiwi leseni, virusi havikusumbui."

"Na matumizi?"

"Ni yale yale."

Jibu lilimtoka kwa wepesi wa muuzaji. Mwenyewe hakuwahi kuchapa hata ukurasa mmoja kwenye mfumo huo.

Wiki haikuisha. Karatasi ziliisha katikati ya hati ya wakili. Bi Haraka akaweka nyingine, printa ikanyamaza. Akazima, akawasha, kimya. Akaja dukani amefura. Muuzaji akamtuma fundi wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Huyo akamwondoa Bi Haraka kitini, akafungua kwenye kioo dirisha jeusi la kuandikia amri, vidole vikakimbia, printa ikaamka. "Tayari," akasema, huyo akaenda. Karatasi zilipoisha tena, mambo yakawa yale yale.

Safari ya tatu muuzaji alifuatana na Profesa, maana maneno ya Bi Haraka yalishaanza kuwafikia wateja wengine. Wakamkuta amepakata kibodi kama mtoto mgonjwa.

"Leo haishiki mtu," alimwambia Profesa. "Nielekeze kwa mdomo, nifanye mwenyewe."

"Fungua lile dirisha jeusi."

"Liko wapi?"

"Lete hapa nikuonyeshe."

"Nimesema mdomo. Ukishaondoka, vidole vyako utaniachia?"

Profesa akaanza kumtajia amri, herufi kwa herufi. Ya kwanza mashine ikaikataa. Ya pili ikadai neno la siri. Bi Haraka akaliandika, kwenye kioo hakikutokea kitu.

"Mbona haiandiki?"

"Inaandika. Haionyeshi tu."

"Kumbe nimeuziwa ramli."

Profesa akakunja uso. "Dada, hizi ni mashine za watu wanaotaka kujifunza. Kama shida yako ni printa tu, iko sehemu ya kuipanga isisimame tena karatasi zikiisha."

Muuzaji ndiye aliyeuliza. "Sehemu gani?"

"Kwenye mipangilio. Unabonyeza mara moja."

"Na ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua. Ila mtu akitafuniwa kila kitu hajifunzi. Angeniuliza, ningemwambia."

"Ningekuulizaje kitu nisichojua kama kipo?" Bi Haraka hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha muuzaji. "Wakili amehamisha kazi yake leo asubuhi. Hata kushuka hakushuka, kamtuma karani. Ada ya binti yangu ilikuwa kwenye kazi ile. Kumbe mwenzangu ulikuwa unanifundisha."

"Mwelekeze," muuzaji akasema, meno yameumana.

Profesa akaelekeza, Bi Haraka akabonyeza. Akaitoa karatasi, akairudisha. Printa ikaendelea bila kinyongo.

Pale ngazini muuzaji akamgeukia fundi wake. "Kuanzia leo, mashine inayohitaji dirisha jeusi haitoki dukani kwangu."

"Kwa hiyo unataka kuwauzia wajinga."

"Nawauzia wenye pesa. Mlango wa wenye akili peke yao, dukani kwangu haupo."

Profesa akaacha kazi, akaondoka na wale wateja waliolipenda dirisha jeusi.

Muuzaji alipotaka kumrudishia Bi Haraka hela zake, alikataliwa. "Na wakili utanirudishia?" Badala yake akataka kila mashine ilale kwanza kibandani kwake, aifanyie kazi, na alipwe kwa kusema kinachomkwamisha. Muuzaji akabisha mpaka jasho likamtoka, akashindwa.

Wakili hakurudi. Binti sasa anashinda kibandani kwa mama yake, chuo anakwenda jioni. Muuzaji faida imepungua, lakini mashine zikishauzwa hazirudi. Bi Haraka humrudishia karibu nusu ya anazoletewa. "Hii bado," husema, na kiti hamkaribishi.