Dodoso la Mwalimu Hillow

Mwalimu Hillow Tahlil haamini kama mlango umefungwa mpaka auvute mara mbili. Kamera ya laptopu yake ameibandika plasta ya kidonda, na akiniletea kompyuta niitengeneze hukaa pembeni akiitazama mikono yangu tu, utadhani nimeshika dhahabu ya mkewe. Mimi ni Azizi, mtu wa Morogoro, na kazi yangu ni kukaa kwenye meza ya msaada wa kompyuta katika chuo kimoja cha watu wazima hapa Birmingham. Nimemvumilia miaka sita. Nampenda, lakini kuna siku natamani kumfungia kwenye kabati la karatasi nipumue.

Alizaliwa Garissa, akasomea biashara Nairobi, akapita Uholanzi miaka minne, kisha akatua Acocks Green, mtaa wa hapa Birmingham, na mkewe Zeinab na binti yao. Miaka kumi na tisa sasa anafundisha biashara. Tangu wakati wa korona, masomo yote yalipohamia mtandaoni ndani ya wiki moja, kuna swali limemganda rohoni: wanafunzi wake wanaiweza kweli hii teknolojia, au wanajifanya? Wenzake wakilalamika kwenye chumba cha chai, yeye alikuwa anaandika. Nani anafungua barua pepe mwenyewe, nani anazima kamera kwa aibu, nani anaizima kwa sababu yuko kazini anasukuma ufagio. Kwa jambo hilo hachoki, na mimi namheshimu.

Mwaka huu mkuu wa idara, Bi Gurvinder, alimpa kazi hiyo rasmi. Atunge dodoso, wanafunzi walijaze mtandaoni, matokeo ayasome mbele ya kikao cha chuo mwishoni mwa Novemba. Darasa lake la Alhamisi, watu kumi na wanne, wengi wao wazee wa rika langu kutoka Kongo ya mashariki, likang'ara kuliko madarasa yote. Kila swali wamejibu ndiyo. Unaweza kuingia kwenye mfumo bila msaada? Ndiyo. Unaweza kupakia kazi yako? Ndiyo. Mwalimu alipita kwenye meza yangu na karatasi ya matokeo mara tatu kwa siku moja. Bi Gurvinder naye akafurahi kwa sababu zake: kama wanaweza yote hayo, basi kuanzia Januari wasome nyumbani, na chumba chao cha Alhamisi wapewe wengine.

Mwalimu hakuona tatizo. Mtu anayeshuku mpaka chai ya mashine alizimeza zile ndiyo zote bila hata kutafuna.

Kilichomwamsha ni Francine wa darasa hilo hilo. Mama wa miaka hamsini na kitu, mpangaji wa ghorofa ya tisa mtaa wa Ladywood, anayetaka kufungua duka la vikwembe, vitenge kwa lugha yetu. Alikuwa amepakia mpango wa biashara uliopangwa vizuri, vichwa vya habari vimekolezwa, jedwali limenyooka. Alhamisi iliyofuata Mwalimu akampita kwa nyuma akamwona anatafuta herufi B kwenye kibodi kwa kidole kimoja, na alipoipata akaifuta kwa bahati mbaya pamoja na sentensi nzima.

Saa hiyo hiyo alikuwa mezani kwangu, ameinama, sauti chini.

"Azizi, kuna mtu anafanyia watu assignment hapa. Hiyo harufu naijua."

"Mwalimu, tulia kwanza."

"Usiniambie nitulie. Hebu check hizo logins. Zote."

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Sikupenda nilichokiona. Watu kumi na mmoja kati ya wale kumi na wanne walikuwa wakiingia kutoka sehemu moja, Ladywood, Jumapili kuanzia saa nane mchana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika ishirini. Mwalimu alizitazama zile saa, macho yakamng'aa. Nasema kweli, alikuwa karibu afurahi. Amekesha maisha yake yote akimngoja mwizi, na leo mwizi kaja.

Wiki hiyo hakuna aliyesalimika. Alimshuku Marie-Claire, mama mwepesi kuliko wote darasani, kwa sababu anapiga chapa bila kutazama vidole. Alishuku kampuni za kuuza insha. Alishuku kanisa. Akahamisha viti, akasimama nyuma ya watu, akauliza maswali ya ghafla mpaka mzee mmoja akaacha kuja. Halafu Jumanne akaja kwangu, akafunga mlango, akauvuta mara mbili.

"Azizi, usikasirike. Wewe uko na uwezo wa kufungua akaunti ya kila mtu, si ndiyo?"

Nilikasirika. Miaka sita namfungulia akaunti yake kila akisahau nywila, na hata Zeinab sijamwambia ni mara ngapi. Nikamgeuzia skrini.

"Mwalimu, wewe unashuku watu wote. Mbona hilo dodoso lako hujalishuku?"

"Hiyo ni data, bwana."

"Basi itazame hiyo data."

Majibu hayakuwa na majina, lakini yalikuwa na saa na mahali yalikotoka. Kumi na moja yametoka Ladywood, Jumapili moja, safari hii dakika mbili mbili tu. Mkono mmoja, ndiyo juu ya ndiyo. Mwalimu alisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, kisha akakaa chini taratibu. Nilitaka kufurahi, maana alikuwa amenitukana, ila nilishindwa. Uso ulikuwa umemshuka kabisa.

Alhamisi alinivuta niende naye darasani kama shahidi. Hakupiga kelele. Aliwauliza tu nani anakaa Ladywood kwenye kompyuta kila Jumapili. Wakatazamana. Marie-Claire akasimama, akaweka mfuko wa dukani juu ya meza, akatoa madaftari kumi na moja.

"Mwalimu, si wizi. Kila mutu aliandika yake na mukono yake. Mimi naingiza tu mu machine. Kisha misa ya Jumapili banakuya kwangu, moja moja."

Nikafungua la Francine. Mpango wa duka lake ulikuwemo wote, kwa kalamu ya buluu, umefutwafutwa na kuandikwa upya, na doa la mawese kwenye ukurasa wa bei. Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Mwalimu alisoma daftari moja baada ya jingine, na kila alipolifunga moja alipunguza urefu kidogo.

"Na dodoso?" akauliza. "Hata hilo ulijaza wewe?"

"Ndiyo. Ilikuwa mu machine pia."

"Sasa kwa nini useme wote wanaweza?"

Aliyejibu ni Francine. "Kule mu kambi ya wakimbizi bakikuletea formu, haujibu hapana. Wenye balijibu hapana, majina yabo ilipotea mu orodha. Siye tulitaka kubakia mu darasa, Mwalimu. Tunalipenda."

Mwalimu akageuka, akatazama dirishani. Nilijua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Zile ndiyo walizozitia ili darasa libaki ndizo zilizokuwa zinalifunga. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameambiwa habari za Januari. Akawaambia. Marie-Claire alianza kurudisha madaftari mfukoni.

Asubuhi yake Mwalimu alikwenda kwa Bi Gurvinder akasema utafiti wake ni wa uongo. Kwa mtu mwenye jina lake kwenye ratiba ya kikao iliyokwisha kuchapwa, hilo si jambo dogo. Bi Gurvinder akataka kujua nani aliwajazia, maana kuingia kwenye akaunti ya mwenzako ni kosa la kufukuzwa. Mwalimu, ambaye wiki moja kabla angeshtaki hata kivuli chake, akasema kosa ni lake aliyetunga dodoso lisilojibika, na jina hatalitoa. Bi Gurvinder hakuridhika. Atajuaje kwamba si mbinu ya kulinda kipindi chake? Alhamisi atakuja mwenyewe aone.

Alikuja. Akasimama nyuma, koti mkononi, uso haukuwa na habari. Kompyuta moja mbele, dodoso lile lile. Mwalimu akamwita Francine, kwa sababu shaka yote ilianzia kwake.

Akaketi. Mwalimu akamsomea swali la kwanza kwa Kiswahili: unaweza kuingia kwenye mfumo bila msaada? Francine hakugusa kitu.

"Mwalimu, nikitia hapana, Alhamisi yenye inakuya nitakuta mulango wazi?"

Nilitamani adanganye. Mtu mwingine yeyote angedanganya.

"Sijui, mama," akasema. "Mwenye huo mlango si mimi."

Francine akageuka kwenye kiti, akamtazama Bi Gurvinder kutoka viatu mpaka nywele, bila haraka, kama anayepima kitambaa. Kisha akashika kipanya. Mshale ukapanda ukatokomea juu ya skrini. Ukarudi. Akaipita Hapana, akaipita tena, akabonyeza mahali pasipo na kitu, ukurasa wote ukafungika, ikabidi aanze upya na nywila, herufi moja moja. Mkono wa Mwalimu ukainuka wenyewe kwenda kumsaidia. Nikaudaka, nikaushikilia chini. Akimsaidia, tumekwisha.

Dakika saba. Mwisho kitufe kikawa cheusi penye Hapana, na Francine akafuta jasho juu ya mdomo.

Bi Gurvinder alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti bila sisi kumsikia. Akasema kwa Kiingereza kwamba darasa litabaki, chumba hiki hiki, mpaka Juni, na kwamba mambo ya akaunti hataki tena kuyasikia. Mwalimu akatafsiri. Watu wakapiga makofi. Marie-Claire akafunika uso kwa mikono.

Francine hakupiga makofi. Alikuwa bado anamtazama Bi Gurvinder.

"Mumuambie aandike," alisema.

Mwalimu Hillow akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka ndani ya jengo lile, akatoa kalamu yake mfukoni na kumpa bosi wake.

"Na tarehe," akaongeza Francine.