Mwalimu wa Dodoma Aliyetutembeza Tokyo

Kampuni ninayofanyia kazi huko Plymouth, pembeni mwa jiji la Minneapolis, ilinituma Tokyo kwa wiki moja, mwaka ambao binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaona heri niende naye. Jumamosi ilibaki wazi. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya kule, aliposikia mimi ni Mtanzania, alicheka akasema shangazi yake angefurahi kututembeza. Hakueleza kwa nini.

Asubuhi tukamkuta mapokezi hotelini: mama mfupi wa miaka sitini na kitu, kofia ya jua, raba nyeupe, kijitaulo shingoni.

"Karibuni sana, wageni wangu. Mmelala salama?"

Nilishtuka hata nikasahau kumwamkia. Kumbe katika ujana wake alifundisha hisabati kwa kujitolea, miaka minne, sekondari moja ya Dodoma. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha walimu wangu, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Binti yangu akasema, "Hi." Nyumbani kwetu Champlin anaelewa kila ninachosema, lakini hujibu kwa Kiingereza tu.

"Mwanangu, Kiingereza changu ni kibovu," mama yule akamwambia. "Leo utanivumilia."

Kwanza alitupeleka msituni. Msitu kweli, katikati ya jiji lile la ghorofa: miti mirefu, njia ya changarawe, na mbele kabisa mahali pa ibada. Watu walikuwa wakiinama, kisha wakipiga makofi mawili. Binti yangu aliwatazama kwa muda, midomo ikimchezacheza.

"Kwa nini wao... wanapiga mikono?"

Nilitaka kumrekebisha. Mama yule akanigusa kiwiko, akamjibu kwanza swali lake, taratibu.

"Ni kama kubisha hodi. Wanamwambia mungu wao, nimefika." Halafu akaongeza, "Sisi tunasema kupiga makofi."

Sisi! Nilicheka peke yangu hadi kwenye kituo cha treni.

Siku nzima ilienda hivyo. Katika treni, watu wamebanana na hakuna anayepaza sauti, wao wawili walinong'ona. Tulipokula tambi baridi za kuchovya kwenye mchuzi, mama yule alitufundisha kuzivuta kwa mlio, bila aibu. Binti yangu alipokwama, yeye alingoja. Hakumdokezea neno. Alikunja mikono, akatabasamu, akangoja kama mtu mwenye siku nzima ya kungojea. Na neno likaja, au likaja lingine la jirani yake, naye akalipokea.

Alasiri tukapanda mnara. Kutoka juu ya jengo refu la Minneapolis naona mji unapoishia na miti inapoanzia. Huko sikuona mwisho. Paa, reli, mto, paa tena, mpaka macho yakachoka. Mama yule alituonyesha upande wa mtaa alikozaliwa, akasema aliporudi kutoka Dodoma alilia wiki mbili kwa kukosa mtu wa kusalimiana naye njiani.

Tulipoagana kituoni aliinama, nasi tukainama, watu wakitupita pande zote. Alisimama palepale akipunga mkono mpaka tulipoteremka ngazi.

Ndani ya treni binti yangu aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mama, kwa nini wewe hauongei na mimi hivyo?"

Nilijisikiliza kichwani: kula, vaa koti, zima taa, fanya haraka. Hicho ndicho Kiswahili nilichokuwa nikimpa.

Tuliporudi Champlin nilianza kumuuliza mambo, kisha kumwachia nafasi ajibu. Mara nyingi hujibu kwa Kiingereza. Lakini zipo Jumapili, tukiwa tunakata mboga, anapoanza sentensi na kusimama katikati, akinitazama. Naweka kisu chini, nangoja.