Magnolia ya Memsaabu

Mimi sikula kiapo cha Mau Mau. Naanza na hilo kwa sababu miaka ile ya Hali ya Hatari watu walikuuliza hilo kabla hawajakusalimu.

Nilikuwa mtunza bustani wa memsaabu mmoja mjane, njia ya kwenda Kiirua. Bustani ilijaa maua, lakini macho yake yalikuwa kwa mti mmoja tu, magnolia, alioupanda ukiwa mche wa kwenye mkebe. Miaka yote hiyo mti ulitoa majani tu, makubwa, yenye kung'aa, bila hata ua moja. Alikuwa akiutazama vile alivyonitazama mimi nikichelewa kazini.

"Wewe unajua kahawa," akaniambia siku moja. "Basi na huu uchanue."

Kahawa niliijua kweli. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ukirefuka tu bila kuzaa, unavuta matawi mpaka yainame, unayafunga, na hapo mti unaanza kuzaa. Nikavuta matawi mawili ya chini, nikayapinda yakakutana, nikayafunga kwa kamba za mgomba. Kisha nikaenda kwa mchinjaji kuomba taka za tumbo la mbuzi, nikazifukia shinani. Migomba ya kwetu ilizipenda sana. Nikanawa mikono nikijisifu.

Lo, mjinga mimi! Matawi yamepindwa kama mlango, kamba za mgomba, tumbo la mbuzi chini ya udongo. Meru nzima ilijua kwamba wanaokula kiapo hupitishwa chini ya mlango wa migomba, na mbuzi huchinjwa. Hata mimi nilijua. Lakini kichwani mwangu siku hiyo mlikuwa na maua tu.

Siku ya tatu akaja afisa wa polisi Mzungu na homgadi wawili, Waafrika wenzetu waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali. Mmoja wa hao homgadi alikuwa rika langu, tulitahiriwa pamoja, jirani yangu kijijini. Wakachimba. Harufu ikatoka.

"Wangapi wamepita hapa?" afisa akauliza.

"Hakuna, bwana. Hiyo ni mbolea."

Rika langu akatazama pembeni. Nikamgeukia memsaabu, aliyekuwa amesimama barazani. "Memsaabu, waambie. Si wewe uliyenituma?"

"Nilitaka mti uchanue," akasema. "Hayo mengine siyajui." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakachukua kipande changu, kile kitambulisho cha kila Mwafrika. Bila kipande wewe si mtu, huruhusiwi hata kuvuka handaki lililozungushiwa kijiji kwenda kutafuta kibarua. Nikawekwa kambini miezi mingi nikiulizwa swali lilelile, na mke wangu nyumbani na watoto watatu. Moyoni nilimlaani rika langu. Nani mwingine angenichongea? Aliniletea viazi vitamu kambini, nikavirudisha. Nani ajuaye alivitia nini!

Kumbe afisa alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa mti ule, eti ni ushahidi. Kamba hazikufunguliwa. Asubuhi moja memsaabu akaingia kambini ameshika ua jeupe, kubwa kama sahani, akaliweka mezani mbele ya afisa.

"Alisema kweli," akasema. "Maua yamechanua kwenye matawi yale yale aliyoyafunga."

Afisa akacheka mpaka akakohoa, kisha akanirudishia kipande. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Rika langu ndiye aliyenisindikiza langoni. Nikampita bila kumtazama.

"Bado umenikasirikia?" akaniuliza kwa Kimeru. "Mimi niliitwa tu. Ningejuaje mti ulio nyuma ya nyumba ya Mzungu? Memsaabu wako ndiye aliyekuja kusema. Alikuja mbio, hata viatu havikulingana."

Nikasimama pale njiani. Nikakumbuka vile viazi, nikaona haya.

Nilirudi kazini, maana watoto hawali hasira. Nikafungua zile kamba moja moja, nikazichoma. Mwaka uliofuata mti ukatoa majani. Mwaka mwingine, majani. Memsaabu akawa anauzunguka, ananitazama kwa jicho la pembeni, mimi namtazama kwa langu.

"Ile kazi ya kahawa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Huwezi kuifanya tena?"

"Kazi gani hiyo, memsaabu?" nikamwuliza.

Nikachukua ndoo yangu nikaendelea kumwagilia kabichi.