Niligandisha mikono kwa barafu ili nyuki wa baba mkwe wasiniume, uji ukaniumbua

Mwangaluka wakuu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni fundi friji hapa Tabora mjini. Mwezi uliopita nilikwenda kijijini Ipole kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Zaituni. Yeye ni nesi, baba yake mfugaji nyuki.

Mzee hakuniuliza kazi wala ukoo. Alisema tu, "Kesho asubuhi twende tukarine asali."

Nikajua huo ndio usaili. Nikishindwa, nimemkosa Zaituni.

Sasa fundi friji nikajiona mjanja. Nikajaza barafu ya dukani kwenye jagi kubwa, eti maji ya kunywa. Karibu na mzinga nikasingizia haja ndogo, nikatumbukiza mikono humo mpaka ikafa ganzi.

Mzee akanipa glovu. Nikakataa. (Kujikweza huku, wakuu!)

Akapanda mtini, mimi chini napokea ndoo kwa kamba. Nyuki wakanichoma vidole vyote. Nilihisi kama wananigusa tu. Mzee ananitazama, mimi natabasamu.

Tukarudi nyumbani. Mama mkwe, Mungu ambariki, akanipa uji wa moto kwenye kikombe cha bati.

Nikakikumbatia kwa mikono miwili.

Kikombe kilikwenda huko na mimi huku. Nililia mbele ya wakwe, sikuona aibu wala nini.

Zaituni akanimwagia maji baridi huku akinitoa miiba. Akanieleza kwamba baridi hupunguza kasi ya seli za neva zinazopeleka habari za maumivu. Ganzi ikiisha zinaamka, na pale sumu ya nyuki ilipoingia zinakuwa kali kupita kiasi, hata uvuguvugu unaziunguza. Mimi nikaongeza bati la moto.

Mzee akaliangalia jagi langu. Kisha akauliza, "Yale maji ya kunywa, mbona hukunywa hata tone?"

Nikainamisha kichwa. Nikaona nimeshafukuzwa.

"Nilikupa glovu nione kama utasema unaogopa," akasema. "Binti yangu nesi. Mume asiyesema panapomuuma, atamtibu wapi?"

Akanitazama mikono iliyovimba.

"Leo umesema, mpaka majirani wamesikia. Waambie wazee wako waje."

Funzo nililopata: barafu weka baada ya kuchomwa, na kabla ya hapo vaa glovu unayopewa.

Haya, nyie ukweni waliwapima kwa kitu gani? Mwageni visa, naandika kwa kidole kimoja ila nitajibu wote.