Korongo Mwenye Pete

Juzi niliwaona korongo weupe wakishuka kijijini Murukulazo kwenye shamba lililochomwa, na ule moshi ukanirudisha alasiri moja ya vita, nikiwa mtoto. Baba alikuwa mstari wa mbele. Korongo mmoja alitua shambani kwetu, mguuni ana pete ya bati yenye namba. Mgambo wa kijiji akainua mkuki.

"Jasusi huyo! Katumwa na adui!"

Mama akatupa jembe, akasimama katikati. "Shemeji, huyu katoka kaskazini, aliko mume wangu. Usimuue kabla hajasema."

Niliamini ndege ataongea. Nikabana pumzi. Ndege akaruka, kimya.

Baba hakurudi. Siku hizi najua pete zile huvishwa na wataalamu wa Ulaya, na mama nilishamweleza. Lakini korongo wakitua, mama bado huwatazama miguu kwanza.