Vipima Mwanga Viwili vya Mukuju

Macho yangu yalipoingiwa na mtoto wa jicho, sikuweza tena kukadiria mwanga kwa kutazama tu, kama nilivyofanya miaka yote ya studio yangu hapa Busia. Bado kuna wateja wanaotaka picha za kamera ya filamu, na zilikuwa zikitoka nyeusi. Nikaanza kutafuta kipima mwanga cha mkononi, kile kidude unachokishika mbele ya uso wa mtu, mshale wake ukakuonyesha lenzi ifunguliwe kiasi gani.

Mtu mmoja wa Mukuju akasikia. Alikuja sokoni na viwili, amevifunga kwenye kitenge.

“Hizi zilikuwa za baba, marehemu,” alisema. “Yeye alikuwa napiga picha. Mimi sijui kazi yake. Chagua moja, mzee, ingine nabaki ya ukumbusho.”

Nikavishika vyote mbele ya uso wake, juani. Mshale mmoja ulisimama huku, mwingine kule. Wiki iliyotangulia mtu mwingine kabisa alikuwa ameniuzia lenzi yenye ukungu, na hasira hiyo bado nilitembea nayo.

“Kimoja ni kibovu,” nikamwambia, “na wewe unajua.”

“Mimi najua nini? Fundi ni wewe. Ama mbovu ni macho?”

Wanawake wauza nyanya waliokaa karibu wakacheka. Nikamkaba kola, na kwa sauti iliyofika hadi steji ya bodaboda, nikasema, “Mwizi.”

Hapa mpakani neno hilo halingoji maelezo. Mtu anaweza kuwa ameingia nchi nyingine kabla hujamaliza kueleza, kwa hiyo watu hupiga kwanza. Vijana wa bodaboda walimvuta kutoka mikononi mwangu. Wa kwanza alimpiga na helmeti mdomoni, nikasikia meno. Wa pili alikuwa na ubao wa kreti, wenye misumari. Alipoanguka walimkanyaga kichwa, kwa zamu, bila haraka.

Mimi nilibaki na vipima mwanga mkononi, na hapo ndipo nilipotazama kigurudumu cha namba ya filamu, kinachokiambia kipima filamu yako inahitaji mwanga kiasi gani. Kimoja kilikuwa kwenye mia. Kingine, mia nne. Kazi hiyo ya kulinganisha namba ndiyo ya kwanza kabisa. Hata mwanafunzi wa siku moja anaijua. Nikakizungusha cha pili kwa kidole hadi mia. Mishale yote miwili ikasimama mahali pamoja.

Sikusema kitu. Niliogopa kicheko cha wale wanawake kuliko nilivyoogopa kifo chake.

Muuza nyanya mmoja, mwanamke mnene, alijitupa juu yake akamfunika. Akaniuliza kutoka pale chini, “Mzee, ameiba nini?”

“Basi, mwacheni,” nikajibu. Sikusema, “Hakuiba.”

Hakufa, lakini jicho la kushoto lilimwagika palepale kwenye vumbi. Mwaka mzima nilikaa na vitu vyake kwenye droo kabla ya kwenda Mukuju. Nilimkuta akipalilia mihogo. Nikamwonyesha kigurudumu, nikamweleza yote, hata lile la kunyamaza.

Alikitazama kwa jicho lililobaki.

“Kwa hivyo zote nzima.”

“Zote nzima, ndugu yangu.”

“Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua siku ileile mimi si mwizi. Hapa kwetu watu naniita mwizi mpaka kanisani. Ambia wale walionipiga.”

Alichukua vyote viwili, akarudi kwenye mihogo yake.

Kesho yake nilikwenda steji. Nikawaambia vijana wa bodaboda kwamba yule mtu wa soko hakuwa mwizi, kosa lilikuwa langu. Walitazamana. Mmoja, ambaye uso wake ninao kichwani hadi leo, yeye na ule ubao, aliniuliza kwa heshima:

“Mwizi yupi, mzee? Tumepiga wengi.”

Nikajaribu kumkumbusha. Kitenge, nyanya, jicho. Alitikisa kichwa, akapata abiria wa Tororo, akawasha pikipiki.